Daftari la Bibi na Chuo cha Waliofeli

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa mwingine nikuulize swali. Mtaani kwenu, kijana akifeli kidato cha nne hupelekwa wapi? Usinijibu kwa maneno ya jukwaani. Nijibu kwa maneno ya kijiweni. Kwetu Kyela jibu lilikuwa moja tu: "Mpelekeni chuo cha maendeleo." Na ungesikia lile neno "maendeleo" lilivyotamkwa, midomo imebenuliwa, ungejua kabisa kwamba hapo hakuna anayetegemewa kuendelea.

Mimi ni mmoja wao. Matokeo yalipotoka mwanzoni mwa mwaka 2017 nilikuwa na ziro safi, isiyo na doa. Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alikaa wiki nzima hasemi nami, kisha siku moja akarudi na fomu ya chuo cha maendeleo ya wananchi, akaiweka mezani kando ya sahani yangu ya wali. "Kajifunze kuchomelea," alisema. "Mikono huna shida nayo." Nikaenda. Lakini kila likizo nilihakikisha nashuka stendi usiku, ili washikaji wasinione na begi la chuo.

Naandika makala hii kwa sababu ya aibu ile. Nimekuja kugundua kwamba nilikidharau chuo bila kujua kimetoka wapi, na aliyenifungua macho si mwalimu wala kitabu. Ni bibi yangu mzaa baba, na daftari lake moja ambalo jalada lake limeliwa na mende.

Darasa chini ya mwembe

Bibi ni Mkisi, mzaliwa wa ufuko ule wa mashariki ambako milima ya Livingstone inaingia ziwani bila hata kukuachia njia ya kupita. Wakisi ndio wafinyanzi wetu. Wanawake hufinyanga, vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi mpaka Matema, halafu huuzwa Lusungo na kwingineko, ndiyo maana ni nadra kuingia jiko la mtu wa Kyela usikute chungu kilichotoka mikononi mwa Wakisi. Bibi alifundishwa na mama yake, na mama yake na mamaye. Hakuna aliyewatahini. Chungu kikipasuka motoni umefeli, kisipopasuka umefaulu, basi. Kisha akaolewa huku bondeni kwa Wanyakyusa, kwenye mpunga.

Mwaka 1972 alikuwa na watoto wanne na hajui kuandika hata jina lake. Jioni moja mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mchana kutwa alikuwa akifundisha watoto wake Bibi, alitundika ubao kwenye mwembe na kuwaita wazazi. Bibi anasema wanawake walikuja na majembe begani, wamefika hivyo hivyo kutoka shamba, na wengine na watoto mgongoni. Wanaume walikuja wachache, wakakaa nyuma kabisa, ili wakishindwa wasionekane.

Mwembe ule haukuwa wa bahati mbaya. Usiku wa kuamkia mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba mwaka unaoingia ni Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hesabu ilikuwa inatisha. Mwaka 1967 kiasi cha asilimia 67 ya watu wazima nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Ungefanya nini na nchi kama hiyo? Kuwasubiri watoto wakue? Serikali iliamua haisubiri. Walimu wa shule za msingi, viongozi wa vijiji, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakageuzwa walimu wa baba zao. Vitabu vya kisomo vikaandikwa kwa kufuata kazi ya mtu: wa pamba ajifunze herufi kwa pamba, wa ng'ombe kwa ng'ombe, wa samaki kwa samaki.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Wiki 12, watu wanakaa vikundi, redio moja katikati, kitabu mkononi mwa anayejua kusoma, wanasikiliza habari za malaria, safura, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Baada ya redio kuzimwa wanajadili, kisha wanaamua la kufanya kijijini kwao. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Bibi anaikumbuka sana kwa sababu ya vyoo. Redio ilisema chimbeni. Sasa Kyela, bwana, mvua hupita milimita 2000 kwa mwaka, na bondeni kwetu ukichimba kidogo tu unakutana na maji! Bibi anasema kikundi chao kilibishana jioni mbili nzima, mwishowe wakaamua kuinua choo juu ya kichuguu cha udongo badala ya kukizamisha. "Redio haikutwambia hilo," anasema. "Tulijiambia wenyewe."

Hapo ndipo mimi huwa natulia. Maana hiyo ndiyo elimu yenyewe. Mtu anakuletea somo kutoka mbali, nawe unalikata kwa kipimo cha udongo wako.

Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kisomo wa taifa zima. Idadi ya wasiojua kusoma ilikuwa imeshuka mpaka asilimia 39. Mwaka 1977 ikawa 27, mwaka 1981 ikawa 21, na mwaka 1986 ikatangazwa kuwa chini ya 10. Bibi alipata hatua ya nne, ya juu kabisa: mtu anayeweza kusoma, kuandika na kuweka hesabu zake. Cheti chake kilisombwa na mafuriko pamoja na kuku saba. Daftari lilipona kwa sababu alikuwa amelichomeka darini pamoja na mbegu.

Magunia manne

Ndani ya daftari hilo kuna nini? Madeni. Nani kachukua chungu hajalipa, nani kakopa debe la mpunga, tarehe gani. Mwandiko ni mkubwa, umelala upande kama mgomba uliopigwa na upepo. Nilidhani ni takataka za kizee, mpaka Bibi aliponionesha ukurasa mmoja ulioandikwa: "magunia 4, si 6."

Kyela tunaujua mchezo huu hadi leo. Njaa inakukuta mpunga bado uko shambani, anakuja mtu mwenye hela anakupa kidogo sasa, ukivuna unampa gunia. Siku hizi umehamia kwenye kakao na tunauita njemke. Mwaka mmoja mnunuzi alikuja na mkokoteni kudai magunia sita. Babu alikuwa mgonjwa, hana nguvu za kugombana. Bibi akapanda darini, akashusha daftari, akasoma mbele ya majirani: siku fulani, pesa kadha, magunia manne, na alama ya dole gumba la mnunuzi mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa hajui kuandika. Mkokoteni ukaondoka na manne. Yale mawili yaliyobaki ndiyo yaliyomlipia baba sare ya shule mwaka ule.

Msomaji, mimi ni mjukuu wa magunia mawili. Nisingelijua hilo kama nisingeuliza.

Kabla ya mwembe

Lakini tusidhani kuwa kabla ya ubao wa 1972 pwani hii ilikuwa gizani. Wanyakyusa walikuwa na utaratibu uliowashangaza wageni. Vijana wa kiume wa umri wa miaka kumi au kumi na moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, rika moja pamoja, wakakua humo wakijifunza kulima, kujenga na kusemezana kama watu wazima. Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, walikuja kuchunguza mila hizo miaka ya 1934 hadi 1938, na Monica akaandika kitabu kizima juu ya vijiji vya rika, kilichotoka mwaka 1951. Soma utaona: ile ilikuwa shule ya bweni isiyo na bodi ya shule.

Wamisionari nao wakaja. Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, na mwaka huo huo Waberlin wakaingia upande wao. Walihitaji nyumba, madirisha na viti, kwa hiyo pamoja na Injili walifundisha randa na kupiga matofali. Upande wa pili wa ziwa, huko Khondowe katika Malawi ya sasa, Waskoti wa Livingstonia walianzisha mwaka 1894 taasisi kubwa iliyotoa maseremala, waashi, wachapaji na makarani. Vita vya Kwanza vilipowaondoa Wajerumani, Waskoti hao hao ndio waliolea kwa muda makanisa ya Kimoravian ya upande wetu.

Mafundisho yale yalikuwa na kusudi la mwenye kufundisha: apate fundi mtiifu. Lakini elimu haina adabu hiyo. Clements Kadalie alisomea ualimu Livingstonia. Alipofika Afrika Kusini hakukaa kimya kwenye dawati la ukarani. Mwaka 1919 alianzisha Cape Town chama cha wafanyakazi cha ICU, ambacho kilikuja kuwakosesha usingizi mabwana wa migodi na mashamba. Walimfundisha kuandika, naye akaandika madai.

Na vijana wetu je? Wengi hawakupata hata hiyo randa. Walifundishwa na migodi: dhahabu ya Lupa kule Chunya miaka ya 1930, shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, dhahabu ya Afrika Kusini. Walirudi na baiskeli na kifua kibovu. Huo nao ulikuwa mafunzo ya kazi, ila ada yake ilikuwa mapafu.

Chuo kilitoka wapi

Sasa turudi kwenye kile chuo nilichokuwa nakishukia usiku.

Mizizi yake iko mbali kuliko nilivyodhani. Denmark, mwaka 1844, huko Rødding, kilifunguliwa chuo cha wakulima kwa kufuata mawazo ya mchungaji mmoja mshairi, N. F. S. Grundtvig. Alichoka na shule za Kilatini zilizowafanya watoto wa wakulima wajione mabubu. Alitaka mahali ambapo kijana wa shamba atakaa bweni, asikilize, aimbe, abishane juu ya historia ya nchi yake, kisha arudi shambani akiwa mtu kamili. Hakutaka mtihani. Wazo likavuka mpaka Sweden mwaka 1868. Na miaka zaidi ya mia baadaye Mwalimu Nyerere akaliona huko Sweden, likamkaa moyoni.

Mwaka 1975, kwa msaada wa Waswidi, Tanzania ikaanza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vingi havikujengwa upya, vilirithi majengo ya vituo vya mafunzo ya wakulima vya wilaya. Mwishowe vikawa zaidi ya 50 nchi nzima. Mkoani Mbeya, kwa mfano, kuna cha Nzovwe. Utaratibu ulikuwa hivi: kijiji ndicho kinachomchagua mtu wake na kumtuma. Anakaa chuoni anajifunza useremala, uashi, ufundi chuma, kilimo, upishi, ushonaji, pamoja na siasa, hesabu na utamaduni. Halafu anarudi kijijini kukitumikia. Na walimu nao walitakiwa kutoka nje ya ua wa chuo kwenda vijijini na kozi fupi fupi: siku tano za ufugaji huku, wiki mbili za uwekaji hesabu za ushirika kule.

Cheti? Hakikuwamo kwenye mpango. Hakuna mtihani wa taifa, hakuna daraja la kwanza wala la nne. Sababu haikuwa umaskini wa karatasi. Mwalimu aliogopa kwamba ukimpa kijana cheti, kesho yake yuko stendi anakwenda Dar es Salaam kukitafutia kazi, na kijiji kimebaki bila fundi.

Mimi nikiwa chuoni nililisikia jambo hili kama utani. Chuo bila cheti! Sasa naona lilikuwa wazo zito, tena la heshima. Lakini lilikuwa na tundu. Lilimtegemea mtu kuwa na kijiji kinachoweza kumpa kazi. Miaka ya 1980 ilipobana, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, kijiji gani kingeweza kumlipa seremala wake? Kingenunua misumari kwa nini? Kijana akajikuta na ufundi mkononi, na hana karatasi ya kumwonesha mwajiri wa mjini. Wakati huo huo vyuo vya ufundi stadi vya serikali, vilivyowekewa sheria mwaka 1974 na kuwekwa chini ya VETA kwa sheria ya 1994, vilikuwa vinatoa vyeti vinavyotambuliwa. Ungekuwa wewe ungekwenda wapi?

Vyuo vya maendeleo vikaanza kuhamahama kama mtoto wa kambo. Mwaka 1990 vilitolewa Wizara ya Elimu vikapelekwa Maendeleo ya Jamii. Tangu mwaka 2012 vikaanza kufundisha pia kozi za VETA zenye mitihani na vyeti. Mwaka 2017 vikarudishwa Wizara ya Elimu. Katika safari hizo vitu vingi vilidondoka njiani. Chuo nilichosoma mimi, jina nitaliacha kapuni, kilikuwa na mashine mbili za kuchomelea, moja imekufa. Tulikuwa darasa zima tunapanga foleni kushika ile moja, na siku umeme ukikatika mwalimu alituchorea moto ubaoni kwa chaki nyekundu. Zile ziara za vijijini? Gari lilikuwa juu ya mawe. Nasema hivi si kwa kumlaumu mtu. Nasema ili usidhani nimekuja kukuuzia sifa.

Kikao

Mwaka 2022 mdogo wangu wa kike alikuwa na mtoto wa miezi minane. Aliacha shule kidato cha pili, kwa sababu unazozijua. Novemba 2021 serikali ilikuwa imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, lakini mwenyewe alisema hawezi kukaa tena dawati moja na watoto waliomcheka. Alikuwa amesikia kuna vyuo vya maendeleo vinavyopokea mama na mtoto wake, katika mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, mtoto analelewa hapo hapo mama akiwa darasani. Akasema anataka akasomee umeme wa majumbani.

Baba aliitisha kikao. Baba mdogo alikuwepo, shangazi alikuwepo, Bibi kakaa kwenye mkeka wake mlangoni. Baba akasema, bila kunitazama, "Mmoja tulishampeleka huko. Tuliona nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa kwa siku kwenye banda la kuchomelea mageti pale mjini, naunga pia viti vya nyuma vya baiskeli za abiria. Kwangu mimi ilikuwa kazi. Kwa baba ilikuwa ushahidi wa ziro.

Bibi hakujibu. Aliinuka taratibu, akaingia ndani, akatoka na daftari. Akampa baba. "Soma," alimwambia. "Ukurasa wenye magunia." Baba akasoma. Nadhani alikuwa hajawahi kuuona, maana alinyamaza muda mrefu. Bibi akasema, "Mimi nilisoma nikiwa na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ulikuwa wewe."

Hakuna aliyecheka. Shangazi akasema, "Ndaga, mama." Kikao kikavunjika bila azimio, na kesho yake baba akaulizia nauli.

Mdogo wangu alipanda Costa asubuhi kweupe, mtoto mgongoni, godoro juu ya gari, mbele ya stendi nzima. Mimi niliyekuwa nashuka usiku ndiye niliyembebea begi.

Yaliyobaki

Usifikiri hadithi imeishia kwenye ngoma na vigelegele. Siku hizi mdogo wangu anafunga nyaya, lakini akifika kwa mteja bado anaulizwa, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Cheti anacho. Hukitoa, mteja anakisoma kichwa chini miguu juu, ndipo anamruhusu kupanda ngazi. Kwa hiyo hapo baba alikuwa na haki: karatasi ina kazi yake, hasa kwa yule ambaye watu hawaamini mikono yake. Na Mwalimu naye alikuwa na haki: karatasi peke yake isingewaambia wale wa kikundi cha Bibi namna ya kujenga choo juu ya kichuguu.

Kuhusu mimi, Januari 2021 nilikwenda Itungi kuitazama MV Mbeya II, meli ya abiria na mizigo iliyoundwa pale pale bandarini kwetu. Watu walitazama bendera. Mimi nilitazama maungio. Kila bamba lilikuwa limeungwa na mtu aliyefundishwa mahali fulani na mtu mwingine, na ziwa zima litakuwa linamtahini kila safari, kama moto unavyotahini chungu cha Mkisi. Nikajiambia, kumbe kazi ninayoionea haya ndiyo inayoelea.

Sasa nina ombi, hasa kwako wewe unayetaka kuwa mwandishi. Tunahangaika kutafuta historia maktaba za mbali, na ipo darini. Kila nyumba ambayo mzee wake alipita chini ya mwembe wa miaka ya 1970 ina daftari, kitabu cha kisomo, au angalau hadithi ya nani alikaa mstari wa nyuma. Wazee wale wanaondoka, na mende hawana huruma. Nenda kaulize leo. Peleka sukari, kaa chini, sikiliza, andika.

Mimi nilimwomba Bibi daftari lake nilitunze. Akakataa. Alisema bado ana wadeni wawili hawajalipa.